Mjomba alivyotuletea bahari sebuleni Mwembesongo na kumtoa baba yangu dirishani

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wakubwa shikamooni, wadogo mtaniamkia huko chini kwenye comments.

Juzi kuna mwenzetu kafungua uzi anaulizia vifaa vya kufunga akwariamu kubwa ya maji chumvi nyumbani. Anataka matumbawe, samaki wa rangi, taa za bluu, kila kitu. Na yuko Moro.

Watu wakamjibu kwa heshima zote. Pampu chukua hii, taa chukua ile. Mimi nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza nina nini.

Nina haya ya kusimulia. Yalitokea nyumbani kwetu Mwembesongo, mbele ya macho yangu, na sitaongeza chumvi. Iliyokuwepo ilitosha.

Ilikuwa enzi za ruksa. Madukani vitu vimerudi, kila mtu mjini ni mfanyabiashara, na kiwanda alichokuwa anashona baba yangu kikapewa mwekezaji. Mwekezaji akaanza uwekezaji wake kwa kupunguza watu. Baba akawa wa kundi la kwanza.

Hakulalamika. Akanunua cherehani ya miguu, akaiweka chini ya dirisha la sebule, na kuanzia hapo sare za shule za nusu ya mtaa zikawa zinatoka pale. Dirisha lile lilikuwa linapokea mwanga asubuhi mpaka jioni. Ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo ungeweza kusema hapa ni pa baba.

Nasema hivyo kwa sababu nyumba haikuwa yake. Kwa wasiojua, sisi Waluguru ukoo unakwenda upande wa mama. Kiwanja kilikuwa cha bibi mzaa mama, nyumba ya ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Baba ni mtu aliyeoa pale.

Wajomba wengi wanakibeba cheo hicho kwa busara. Sisi tukapangiwa Mjomba Shomari.

Mjomba Shomari alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Dar. Suruali ya mkunjo, simu ya mezani aliyoizungumzia zaidi kuliko alivyoitumia. Kila akija Moro lazima aukumbushie ule msemo kwamba Moro ni mji kasoro bahari, halafu anatingisha kichwa kama vile kuna mtu alimkabidhi hiyo kasoro airekebishe.

Basi akapata nafasi. Mzungu mmoja wa mradi alikuwa anarudi kwao, anauza vyombo vya ndani. Wengine waligombania friji na makochi. Mjomba akanunua akwariamu.

Siyo kale kabakuli ka samaki mmoja, wakuu. Kioo kinene, urefu wa kitanda, na chini yake tenki lingine la kuchujia. Pampu, taa ndefu, na mashine ya kukamua uchafu kwa mapovu, wenyewe wanaiita skimmer.

Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilichukuliwa kwenda kufungia vikombe kwenye magazeti. Yule mzungu alimwelekeza kwa subira, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wengi humu. Weka maji na mawe ya matumbawe kwanza, kaa wiki kadhaa bila samaki hata mmoja, mpaka vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane kwenye mawe. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki.

Mjomba alikuwa anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku anakagua kama taa zina mikwaruzo.

Sasa sikilizeni uzuri wa mila. Mzigo ulipelekwa kwanza kwa mkewe, Mazimbu. Mkaza mjomba naye ana nyumba ya ukoo wake, na pale Mjomba ndiye mtu aliyeoa. Alimwangalia kutoka mlangoni akamwambia, "Samaki ninaowajua mimi wanaishia jikoni. Geuza gari."

Akageuza gari. Likaja kwetu.

Ukuta uliomfaa ulikuwa wa dirisha. Cherehani ikatolewa barazani siku hiyohiyo, na dirisha likafungwa kwa pazia zito, kwa sababu jua linaotesha ukoga kwenye kioo. Hilo alilisikia! Katika maelekezo yote ya mzungu, mjomba wangu alishika lile la kumfungia baba yangu dirisha.

Mama ni mdogo wake Mjomba. Alinyamaza. Baba akasema barazani kuna upepo mzuri.

Wakuu, nilichukia. Siwafichi.

Maji ya bahari yakaja kwenye madumu ya plastiki nyuma ya pikapu. Matumbawe yakaja kwenye magunia. Yale mawe thamani yake ni uhai uliomo ndani, ndiyo maana yanasafirishwa yakiwa majimaji na kivulini. Mjomba akasimama Chalinze kula nyama choma, magunia yako juani. Yalipofika Mwembesongo yalikuwa yananuka kama dampo la soko la samaki.

"Ndiyo harufu ya bahari hiyo," akatuambia. Kwa vile wengine hatujakulia pwani.

Akayatumbukiza. Na wiki hiyohiyo akaleta samaki wote kwa mkupuo, kwa sababu kulikuwa na tarehe.

Tarehe ilikuwa ya posa yangu.

Mchumba wangu ni mtu wa Pangani, na wazee wake walikuwa wanakuja kuleta barua. Mjomba alitaka wakute bahari. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, baba yangu akae kwenye nyumba ile kama baba, aulizwe, atoe neno.

Siku zilizobaki tuliishi kwa kelele za pampu. Maji yalikuwa yanapungua, maana joto la Moro mnalijua, na Mjomba anajazia maji ya bahari kutoka kwenye madumu. Nikamkumbusha maneno ya mzungu.

"Baharini nani anakwenda kuongeza maji ya bomba?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mvua, Mjomba."

Akaniambia wanawake wajuaji hawakai kwenye ndoa. (Mwaka wa ishirini na ngapi huu sasa, mume wangu anasoma hapa begani kwangu.)

Kipimo cha chumvi kikawa kinapanda mpaka kikavuka alama. Mjomba akakikung'uta, akakitazama, akatangaza kimeharibika. Chumvi nyeupe imeganda kwenye kingo zote za kioo, lakini mbovu ni kipimo.

Siku ikafika. Kanzu zimepigwa pasi, pilau iko jikoni. Makochi yote yamegeuzwa yatazame akwariamu, na wakihesabiwa wageni na wakubwa wa ukoo, nafasi ya baba haipo. Baba akasema, "Mimi nitawapokea hapa nje." Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, na kanzu yake.

Wageni wakafika. Mbele yao Mzee Hemedi, baba mkubwa wa mchumba wangu na msemaji wao. Akamwona mzee na cherehani barazani.

"Fundi, salama? Mwenye nyumba tumemkuta?"

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimesikia neno kwa neno. Baba akajibu, "Yupo. Karibuni, piteni ndani."

Nililia pale pale, na wanja wangu wote.

Ndani, Mjomba akawakaribisha baharini. Akawaonyesha matumbawe, ambayo yalishakuwa meupe kama mifupa, akasema ni aina ya meupe. Akawaelezea pampu. Wazee wa Pangani, watu waliozaliwa na maji ya chumvi miguuni, walikaa kwenye makochi wanafundishwa bahari na mtu wa Mwembesongo.

Dirisha limefungwa. Taa zinawaka. Harufu mnaijua. Mzee Hemedi akaanza kusoma maneno ya posa, hasikiki kwa kelele, akaomba mashine izimwe kidogo. Mjomba akasema haiwezekani, watakosa hewa.

"Sisi au samaki?" mzee akauliza.

Hapo samaki mkubwa wa njano, yule aliyekuwa fahari ya Mjomba, akalala ubavu. Akafuatiwa na mwingine. Mjomba akaacha wageni, akakunja mkono wa kanzu, akaingiza mkono mpaka kwapani kumsimamisha samaki. Anamwinua, anaanguka. Anamwinua tena.

Mzee Hemedi akageuka kwa mama. "Baba wa binti yuko wapi?"

Mama yangu, ambaye hakuwa ametoa neno tangu kile kioo kilipofika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mmempita barazani."



Mzee Hemedi akasimama. Wenzake wakasimama. Wakatoka wote, hakuna aliyeaga bahari. Nikasikia kule nje anasema, "Mzee mwenzangu, tumekukosea adabu. Tusamehe." Mikeka ikatandikwa, wakakaa chini kuizunguka cherehani, na barua ikasomwa upya kuanzia bismillahi.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. Wakamwomba neno lake.

Akasema, "Neno langu ninalo. Lakini huyu binti ana mjomba, na yuko ndani. Hatuwezi kuanza bila yeye."

Mimi, wakuu, ningemwacha aogelee humo humo na samaki wake. Baba akatuma aitwe.

Mjomba Shomari akatoka na kanzu imelowa, ananuka. Akatafuta kiti, kiti hakuna. Mikeka imejaa. Kilichobaki barazani ni dumu tupu la maji ya bahari. Akalikalia, magoti yamefika kifuani, na posa yangu ikajibiwa hivyo: baba akaongea kwanza, Mjomba akaitikia.

Wiki iliyofuata mama alifungua pazia la dirisha mwenyewe. Hakumuuliza mtu. Cherehani ikarudi ndani.

Kile kioo hakuna aliyekitaka. Baba akakilaza ubavu barazani, akakisugua chumvi ikatoka, akapanga humo sare zilizokwisha kushonwa ili vumbi lisizipate. Alishona mpaka macho yalipomchosha, na watu wa mtaa wakawa wanaelekezana, "Nenda kwa yule mzee wa kioo."

Mjomba akija alikuwa anawaambia wateja kwamba kile kioo ni mali yake kutoka Ulaya. Baba anaitikia, "Ni kweli, ni cha shemeji," anaendelea kushona.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Moro unayeulizia vifaa: mawe yafike yakiwa majimaji, samaki wasubiri, maji ya kuongezea yasiwe na chumvi, na kipimo kikikwambia jambo ukiamini. Hayo hata Mjomba aliambiwa.

Lakini kabla hujauliza ukubwa wa pampu, tuambie kwanza. Hapo ukutani unapotaka kuiweka, sasa hivi anakaa nani?

Wengine leteni ya kwenu. Najua siyo mimi peke yangu niliyepangiwa mjomba.