Breki Iliyonipigisha Magoti

Breki ya diski niliifunga mwenyewe kwenye gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya kabaza, ya kubebea abiria, nikajisifu kambi nzima ya Dzaleka. Ile ya zamani ilibana rimu kwa juu, na nguvu zikagawanyika kwenye miguu miwili ya uma, ile fremu inayoshika gurudumu la mbele. Diski inabana chini kwenye ekseli, mzigo wote unaangukia mguu mmoja. Sikujua. Chuma kilipolia, nilidhani breki imelegea, nikaikaza.

Jumapili nilimpakia mama mkwe mpaka ibada ya uwanjani. Pasta alikuwa anaita wenye dhambi. Nikashika breki, uma ukajikunja, nikatua kwa magoti mbele yake.

Akaniwekea mkono kichwani. "Ndugu yetu amekuja kutubu!"

Nikafumba macho, nikakubali.

"Pasta, huyu haiko anatubu," mama mkwe akasema kutoka mavumbini. "Njo ile freni anajisifiaka nayo imemuangusha."