Siku Waliponiimbia Nikizama

Wapendwa, nawasalimu. Naomba msinipigie vigelegele katikati, maana nikikatizwa nakaa chini.

Mimi ni mkulima wa mahindi na karanga hapa Litapunga, mama wa mtoto mmoja, Neema, wa miaka mitatu. Kabla ya ajali nilikuwa mzima kabisa. Kwenye kwaya niliimba sauti ya kwanza, na mdomo nilikuwa nao, wifi yangu Ester anajua.

Mwaka jana hatukubatizwa mtoni kwa sababu mamba walionekana. Mzee mmoja wa kanisa akatuombea nyumba ya mapumziko kule Ilembo, yenye bwawa la kuogelea. Msimamizi wa nyumba akatusomea masharti ya ukutani: mtu asiingie na nguo ndefu, asiyejua kuogelea asivuke kamba inayotenga kina kirefu, na lazima awepo mmoja wa kuangalia tu. Mzee akacheka. "Kaka, sisi hatujaja kuogelea. Tumekuja kubatizwa."

Wote tukaona kasema kweli. Kamba nayo ikatolewa, eti inaharibu picha.

Mchungaji alinizamisha, akaniinua. Nikarudi nyuma kumpisha mwenzangu. Sakafu ya lile bwawa inateremka, na inateleza. Mguu wa pili haukukuta kitu. Kanzu ndefu ya ubatizo ikanifunga miguu. Maji yakaingia puani yakawasha kama pilipili, nikayameza, nikayavuta. Nikanyoosha mikono juu. Nyie mkaiona mikono, mkasema dada kajazwa Roho, mkaongeza sauti. Nilikuwa nawasikia kule chini. Kwaya yangu mwenyewe.

Ester ndiye alipiga kelele, "Nyamazeni jamani, huyo anakufa!" Hajui kuogelea. Akashika mti mrefu wa kuokotea majani, msimamizi akaushika upande wa pili, Ester akaingia na nguo zake akanivuta kwa misuko.

Naambiwa nilitoka na rangi ya majivu, povu mdomoni, nimejikojolea. Msimamizi alinibana kifua mpaka mbavu ikavunjika. Nikatapika, nikapumua.

Hospitali, daktari akasema, "Mama, maji yameingia kwenye mapafu. Hutoki leo." Nikawekewa oksijeni. Homa ikapanda, nikakohoa makohozi yenye damu, nikapata nimonia. Sindano zikafanya kazi yake. Mbavu ikaunga, kikohozi kikaisha, nikarudishwa nyumbani.

Ikabaki ganzi. Siyo ya miguu, ya ndani. Neema alipoletwa wodini alinikumbatia, nikamwangalia kama mtoto wa jirani. Mlikuja kuniambia ni muujiza, nikajibu ndiyo. Mume wangu akiniuliza, "Unaumwa wapi?" nasema siumwi, na kweli nilikuwa siumwi. Napika, napalilia, nalala. Kwaya niliacha. Daktari akaniambia, "Mtu aliyeponea kifo anaweza kuwa hivyo. Usijilazimishe kufurahi. Uwe unakuja tuongee." Nikawa naenda. Naye hakunisukuma niongee.

Wakati wa kuvuna mahindi nilikuwa namwogesha Neema kwenye beseni. Akajimwagia kopo la maji usoni, akapaliwa, akakohoa. Nilimnyakua, nikapiga ukelele mpaka majirani wakaja na majembe wakidhani ni nyoka. Moyo ulidunda hadi kwenye meno. Nikamkemea, nikambusu, nikalia, na mtoto ananishangaa tu. Niliogopa. Jamani, niliogopa! Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ni wangu na anaweza kufa.

Sijapona yote. Siku nyingine ganzi inarudi, nasonga ugali nashtukia umeungua. Lakini daktari bado naenda, na wewe unayekaa hivyo usione aibu, nenda ukaseme.

Na nyie mnaopanga ubatizo mwingine, maji hayaulizi umekuja kuogelea au kuokoka. Masharti mkisomewa, yafuateni. Kamba ibaki. Na mmoja wenu asiimbe, aangalie watu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na yule msimamizi aliyenivunja mbavu. Sasa Ester, wifi yangu, simama. Tangu siku ile sijakwambia asante. Watu wakasema nina kiburi. Sikuwa na kiburi wifi, nilikuwa sina chochote ndani cha kukupa.

Asante. Usikae kwanza, nataka nikuangalie.