Kitabu Ambacho Hakikuulizwa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa kijana mdogo. Akisimama na wavulana wa kidato cha nne kando ya tangi la maji, mgeni hangejua mwalimu ni yupi. Hakuwa amesomea ualimu. Alikuwa amemaliza shule miaka michache kabla yetu, akapita vizuri, akakosa nafasi ya kuendelea. Mwalimu aliyeletwa na serikali alipohamishwa, hakupatikana mwingine aliyekubali kupanda vilima vya Kathiani kuja kufundisha katika shule ya kutwa isiyo na hata nyumba moja ya mwalimu. Basi wazazi wakachanga, wakamwajiri huyu.

Tulimpenda. Walimu wengine waliingia darasani na madaftari ya zamani, wakasoma na sisi tukaandika. Yeye alikuwa akifunga kitabu na kutusimulia, akitembea kati ya madawati, na tulipofika mahali penye mabishano alitusimamisha tuyaseme kwa midomo yetu wenyewe. Katika vitabu vya fasihi ambavyo vingetahiniwa, ambavyo sote tuliviita setibuku, kulikuwa na tamthilia na riwaya. Tamthilia hatukuijali sana. Riwaya ndiyo iliyotuteka. Ilihusu mjane mmoja aliyekataa kuhama shambani kwake wakati wakoloni walipotaka kupitisha barabara mahali pale. Mwalimu aliijua riwaya hiyo nje ndani, kwa sababu yeye mwenyewe aliifanyia mtihani. Siku yake ya kwanza shuleni alifungua kabati la vitabu, akazikuta nakala zake zimepangwa humo zikiwa na vumbi, akamuuliza mwalimu mkuu kama ndizo tutakazotumia. Mwalimu mkuu akamwambia atumie zilizoko. Haya niliyajua baadaye.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza kwetu. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha saruji kule Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, nywele zake zikiwa bado na ule weupe usiotoka kwa sabuni. Alikuwa ameamua nitakuwa muuguzi. Alikuwa ameulizia kwa watu, akajua kwamba chuo cha wauguzi hakimchukui mtu bila C katika Kiingereza, na kila alipokuja swali lake la kwanza, hata kabla ya chai, lilikuwa juu ya Kiingereza. Nilimwambia kinaenda vizuri. Nilikuwa nikisema kweli. Jumamosi nilipokwenda kwa jirani kuchuma mishiri, yale maharagwe mabichi ya kupelekwa ng'ambo, nilikuwa nikiyasema maneno ya mjane yule peke yangu kati ya mistari, yale anayomjibu mpima ardhi, na wanawake wengine walicheka wakauliza kama nimeanza kuhubiri.

Mwezi wa saba wa mwaka wetu wa mwisho tulifanya moki, mtihani wa majaribio ambao shule zote za wilaya zilifanya kwa pamoja. Asubuhi ilikuwa na ukungu na sote tulikuwa tumevuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. Msimamizi alikuwa mwalimu wa hesabu. Karatasi ya Kiingereza ilipogawiwa niliifungua moja kwa moja pale palipokuwa na dondoo la riwaya, maana nilitaka kuanza na ninachokijua.

Nilisoma mistari michache, nikadhani nimefungua ukurasa usio wangu. Kulikuwa na karani wa mjini, na bosi wake, na mwanamke anayekuja ofisini kumtafuta. Nilirudi juu nikasoma maagizo tena. Maagizo yalisema dondoo limetoka katika riwaya ya lazima, na jina la riwaya hiyo lilikuwa hapo, na halikuwa jina la kitabu chetu. Niliinua kichwa. Wenzangu wengi walikuwa wameinua vichwa pia, na tulikuwa tukitazamana. Mvulana mmoja aliinua mkono akasema kwamba karatasi imekosewa. Mwalimu wa hesabu akaichukua, akaitazama, akatuambia tuendelee, kisha akamtuma mtu ofisini.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuja akasimama mlangoni. Alipewa karatasi akaisoma pale pale, akiwa nusu ndani nusu nje. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango nikaona jinsi alivyosoma, haraka mara ya kwanza, kisha polepole sana. Alipomaliza hakututazama. Alisema tufanye maswali mengine, akamrudishia mwalimu wa hesabu karatasi, akaondoka kuelekea kwenye bwawa lililokuwa chini ya shule, upande usio na darasa wala ofisi.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Riwaya ilikuwa imebadilishwa kwa darasa letu, na shule nyingine zote zilikuwa zikisoma ile mpya tangu kidato cha tatu. Kwetu habari hiyo haikufika, au ilifika wakati mwalimu wa zamani anafungasha mizigo na huyu mpya hajaja, na hakuna aliyeuliza. Binamu yangu, aliyekuwa akisoma mjini Machakos, alinionyesha kitabu kile jioni ya Jumamosi ya juma hilo. Kilikuwa kimechakaa, kingo zake zimejaa maandishi yake ya kalamu nyekundu na ya bluu. Nilikishika kidogo nikamrudishia. Aliuliza kama nataka kukiazima, halafu akakumbuka kwamba na yeye ana mtihani, akakifunga, na mimi nikasema hapana.

Kabla ya likizo ya Agosti wazazi waliitwa shuleni. Baba aliomba ruhusa kazini akaja. Tulikalishwa nyuma yao, juu ya nyasi. Mwalimu mkuu alizungumza kwa muda mrefu juu ya shida za shule, juu ya maabara ambayo haijaisha na juu ya nidhamu, na alipofika kwenye jambo lenyewe alilipita haraka, akasema kumetokea kasoro katika somo la Kiingereza na mwalimu anayehusika ataeleza. Kisha akaketi.

Mwalimu wetu alisimama. Alikuwa amevaa tai, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana, nadhani na mama yake. Alieleza kwa Kikamba ili wote waelewe. Hakumtaja mwalimu mkuu hata kidogo. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa mbele, mama wa rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja, aliinua mkono akauliza bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Kwa hivyo hawa watoto wamesoma hadithi ya bure?"

Mwalimu alimtazama. Akasema, "Ndiyo, mama."

Nilimtazama baba kwa nyuma. Hakugeuka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, yeye mbele na mimi nyuma kwenye ile njia nyembamba ya kati ya matuta, nilingoja aseme kitu. Aliniuliza kama mapapai ya kule chini yameanza kuiva.

Muhula wa tatu shule ilinunua nakala chache za riwaya mpya kutoka mjini, tukawa tunazisoma kwa makundi, vichwa vimegusana. Mwalimu aliamua kutusomea kwa sauti ili twende pamoja. Lakini hakuwa tena kama zamani. Sasa alisoma akiwa ameketi, kidole kwenye mstari, na hakufunga kitabu. Siku moja msichana mmoja alimuuliza kwa nini yule karani hataki kumjibu mwanamke aliyekuja ofisini. Lilikuwa swali zuri, la aina aliyotufundisha yeye mwenyewe kuuliza. Mwalimu aligeuza kurasa mbili tatu mbele, akarudi nyuma.

"Sijui bado," akasema. "Mimi pia sijafika huko."

Hakuna aliyecheka. Baada ya siku hiyo watu waliacha kuuliza maswali, si kwa kumdharau, ila kwa kumhurumia, na darasa ambalo zamani lilikuwa na kelele kama soko lilinyamaza kabisa. Alisoma, tukasikiliza, kengele ikalia.

Yule rafiki yangu wa dawati moja ndiye aliyekata tamaa kwanza. Alianza kuja na kiondo, kikapu cha nyuzi alichokuwa akisuka, anakiweka mapajani chini ya dawati, na mwalimu akisoma yeye vidole vyake vinasokota nyuzi. Alikuwa akinishinda katika Kiingereza tangu darasa la sita. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba bado kuna tamthilia, kuna insha, kuna sarufi, kwamba riwaya si mtihani wote.

"Wewe soma," akaniambia. "Mimi nimeshajua nitakuwa wapi mwaka ujao."

Nilikasirika naye kwa siku kadhaa. Nilijaribu kupiga hesabu ya alama kichwani, nikitoa za riwaya, nikiongeza za insha, na kila mara nilifika mahali pale pale, chini kidogo ya C. Nilisoma sarufi mpaka maneno yakaacha kuwa na maana. Niliandika insha nikampelekea mwalimu, akazisahihisha vizuri, na chini akaandika kwamba ninaweza. Neno hilo nililitazama sana.

Majuma machache kabla ya mtihani, mwalimu mkuu alimwachisha kazi. Tulisikia kwamba wazazi fulani walisukuma, wakisema haiwezekani aliyeharibu aendelee kula mshahara wao. Sijui kama baba alikuwa mmoja wao. Sikumuuliza, na mpaka leo sijui. Mwalimu alikuja darasani mara ya mwisho asubuhi ya mapema, kabla ya gwaride, akiwa bila tai. Alifuta ubao ingawa haukuwa na kitu. Alituambia kwamba tumebakiza sura nyingi na kwamba tusisome kwa mpangilio tena.

"Kama hamtapata muda, someni mwisho kwanza," akasema. "Wanapenda kuuliza mwisho."

Msichana mmoja akaanza kulia, na yeye akatoka nje haraka. Hakuletwa mwalimu mwingine. Kipindi cha Kiingereza kilipofika tuliketi wenyewe, na wenzangu wakanichagua niwasomee kwa sauti kwa sababu matamshi yangu hayakuwa mazito sana. Nilisoma mwisho kwanza, kama alivyosema, lakini mwisho wa hadithi ambayo huijui ni watu usiowajua wakiagana. Nilirudi nyuma. Nilisoma huku wengine wamelala juu ya mikono yao, na wengine wanafanya hesabu, na rafiki yangu anaanza kuweka mkanda kwenye kiondo chake. Hatukukimaliza kitabu.

Siku ya mtihani wenyewe sikuwa na hofu. Nilishangaa. Moyo ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyekwisha kuambiwa jibu. Insha ya kubuni niliiandika vizuri. Halafu nikafika kwenye swali la riwaya. Waliuliza jinsi mhusika mkuu anavyosimama imara dhidi ya wenye nguvu, tutoe mifano. Nilikaa na swali hilo. Juu ya yule karani nilikuwa na sentensi tatu au nne, na mbili kati yake sikuwa na hakika nazo.

Nikaanza kuandika juu ya mjane. Sikukosea, nilijua ninachofanya. Niliandika jina la kitabu chetu pale juu, na chini yake nikaandika jinsi alivyokataa kuhama, jinsi alivyomjibu mpima ardhi, jinsi alivyopanda mtama mahali pale pale palipochomekwa vigingi. Nilinukuu maneno yake yote bila kuangalia popote. Kalamu ilikwenda yenyewe. Nilijua kwamba msahihishaji, mtu fulani mahali fulani, atachora mstari kukata ukurasa mzima na kuweka sifuri, na pengine atacheka, pengine atadhani nimerukwa na akili. Lakini nilikuwa nimechoka kutoa majibu ya kubahatisha juu ya watu nisiowajua, na niliona heri niandike hata ukurasa mmoja wa kitu ninachokijua. Kengele ilipolia nilikuwa bado ninaandika.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata nilikuwa na D+ katika Kiingereza. Darasani kwetu hakuna aliyepata C. Rafiki yangu alikuwa ameshaolewa Kivaa, na sidhani kama aliwahi kwenda kuchukua cheti chake. Juu ya mwalimu nilisikia mambo mawili tofauti, kwamba yuko Ndithini analima, na kwamba amekwenda Mombasa. Sikumwona tena.

Baba alisoma karatasi ya matokeo akiwa amesimama uani. Alianza juu, akateremka somo kwa somo, na alipofika chini akaanza tena juu. Kisha akanirudishia. Nilimwambia ninaweza kurudia mtihani katika shule nyingine. Aliniuliza ni shule gani, na nani atalipa, na wadogo zangu wanaofuata je, na aliuliza kwa upole kiasi kwamba ingekuwa afadhali angenipigia kelele. Juu ya uuguzi hakusema neno, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Mwisho wa mwezi ambao vyeti vilifika shuleni alinichukua tukaenda pamoja Athi River, ambako viwanda vya nguo vilikuwa vikiandika wasichana. Tulifika langoni mapema, tukakuta kundi kubwa limeshasimama kando ya ua wa waya. Cheti changu kilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na nilikuwa nimekishika mbele yangu kwa mikono miwili. Mwanamume aliyekuwa akichagua watu hakukiomba. Alipita kwenye mstari akitutazama mikono, akawa anauliza kila mmoja kama anaweza kusimama siku nzima. Aliponifikia nilimwambia ninaweza. Akanionyesha kwa kidole niingie, na nilipogeuka kumuaga baba, alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea kazini kwake.