Mtaalamu wa Maumbo na Udongo Ulionuka Dagaa

Habari za kifo chake nilizipata juzi asubuhi pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kutoka kwa nahodha wa boti ya Mwamgongo, ambaye alizichomeka katikati ya habari nyingine: dagaa wamepungua, mafuta ya injini yameadimika, na yule mwalimu mbishi amefariki. “Malaria,” alisema. “Lakini mpaka mwisho alikuwa anabishana na mganga wa zahanati.” Nikamwuliza walikuwa wanabishania nini. “Mganga alimwambia atapona.” Kama kawaida yake, alishinda ubishi.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba huwa siandiki tanzia. Marehemu wote wa magazetini walikuwa wakarimu, wacheshi na wapenda watu, hadi najiuliza hawa wabaya tunaokutana nao kila siku huwa wanafia wapi. Huyu wangu hakuwa mkarimu. Alikuwa na majivuno, aliomba sigara kana kwamba anakusanya kodi, na hakuwahi kukubali kwamba mtu mwingine amepika maharage yakaiva. Alikuwa mhadhiri wa hisabati huko Burundi kabla ya vita kumpitisha ziwani na kumtupa Mwamgongo, na fani yake ilikuwa jiometri ya makundi ya aljebra. Mama mwenye nyumba wake, mjane anayeanika dagaa, alipomwuliza hiyo ni kazi gani, alichukua kifuniko cha sufuria akakizungusha kidogo. “Kimebadilika?” Mama akasema hapana, kifuniko ni kile kile. Akakizungusha tena. “Sasa kila namna ya kukizungusha uiwekee nukta moja. Nukta zote ukizipanga kwa utaratibu wake, zinachora nini?” Mama alifikiri, akachora kwa kidole hewani. “Duara.” “Ego, ndiyo! Namna za kuzungusha duara nazo ni duara. Mimi nachunguza maumbo ya aina hiyo, ila makubwa zaidi.” Mama akamnyang'anya kifuniko. “Na serikali yenu ilikuwa inakulipa kwa hilo? Ndiyo maana mkapigana.”

Nilimfahamu nilipotoka chuo kikuu na elimu yangu mbichi ya udongo, nikapata kibarua kwenye msafara wa kupima udongo na mimea ya msitu kwenye miteremko iliyo juu ya kijiji. Swali tulilopewa lilikuwa limeshajibiwa. Hatukuulizwa kama wakimbizi wameuua udongo wa msitu, tuliulizwa wameuuaje. Kaya kadhaa za wakimbizi zilikuwa zimekodishiwa vishamba pale na wenyeji, na jibu letu likiwatia hatiani wangepakiwa wote kwenda kambini. Marehemu alikuwa mmoja wao, na tukamchukua kuwa mkalimani. Kwa kweli kazi hiyo haikuwepo. Kirundi na Kiha cha wenyeji vinasikilizana vizuri, na aliyehitaji kutafsiriwa alikuwa mkuu wetu peke yake, bwana misitu aliyetoka mbali na kwetu, mwenye kofia pana na imani kubwa kwa chochote kilichoandikwa na wakubwa zake.

Siku ya kwanza mkuu alituonyesha pa kuchimba: vishamba vya wakimbizi, basi. Marehemu akaegemea jembe. “Mbona kwa mwenyekiti wa kijiji hatuchimbi? Shamba lake lipo mteremko huu huu.” Mkuu akasema mwenyekiti si mkimbizi. “Udongo wake unalijua hilo?” Mkuu akamkumbusha kwamba yeye ni mkalimani, atafsiri. “Natafsiri, bwana mkubwa. Nakutafsiria swali la udongo.” Mwenyekiti, aliyekuwa amesimama karibu na ambaye ndiye hasa aliyetaka wakimbizi waondoke, alijipiga kifua: “Mchimbe! Udongo wangu mnene kama uji.” Basi tukachimba kwa wakimbizi, kwa wenyeji, na ndani ya msitu usioguswa.

Sasa, udongo haufungwi mbichi kupelekwa maabara. Huanikwa kwanza upepo uupite. Lakini Mwamgongo imebanwa kati ya milima na maji, na mahali pote pakavu pana wenyewe: dagaa. Udongo wa mwenyekiti ulianikwa barazani kwake, na ule wa msituni ukabaki kwenye turubai letu. Udongo wa wakimbizi ulipewa heshima. Yule mama mjane, kwa moyo wa ujirani, alitoa dagaa wake kwenye vichanja na kuutandaza pale, juu ya nyavu zilizoshiba magamba na chumvi ya misimu yote. Mimi nilikuwa bado mlimani nikibana majani kati ya magazeti. Mkuu alipita, akaona udongo unakauka, akaridhika.

Majibu yaliporudi, maabara ilitushangaza. Udongo wa wakimbizi ulikuwa na fosforasi, chakula cha mimea, nyingi kuliko hata wa msitu wenyewe. Hakuna aliyeuua, inaonekana waliunenepesha! Mkuu alikuna kichwa, lakini karatasi ya maabara kwake ilikuwa karatasi ya wakubwa, akaitisha mkutano aisome. Wanawake wa Kirundi walipiga vigelegele. Watu waliokuwa wamefunga vyombo vyao tayari kwa kambi walianza kuvifungua pale pale.

Ndipo yule mbishi akasimama. Alikuwa na mfuko wa udongo wa wakimbizi uliobaki, akaufungua, akaunusa, akampelekea mwenyekiti. “Nusa.” Mwenyekiti akanusa, akarudisha kichwa nyuma. “Dagaa!” Yule mama akamvuta shati. “Mwalimu, kaa chini! Nani kakuuliza? Dagaa wangu wamekuokoa, nawe unawasuta?” “Oya, mama,” alijibu, yaani hapana kwa Kirundi, bila kukaa. “Ungekuwa mfuko wa mwenyekiti uliolala kwenye kichanja chako, sisi leo tungepiga kelele kwamba tumeonewa. Basi tupige sasa hivi. Fosforasi hii ni ya magamba. Haya ni majibu ya samaki.” Waliokuwa wamefungua vyombo wakamtazama kwa macho ambayo sitaki kutazamwa nayo. Mmoja alitema mate karibu na mguu wake.

Tukachimba upya. Safari hii kila udongo ulianikwa juu ya madawati ya shule, dawati la wakimbizi kando ya la wenyeji. Majibu ya pili hayakumpendeza mtu. Udongo wa wakimbizi ulikuwa umechoka. Udongo wa mwenyekiti, ule mnene kama uji, ulikuwa umechoka vile vile. Mteremko ni mkali, miti imekatwa, mvua inateremsha rutuba ziwani bila kumwuliza mkulima alizaliwa wapi. Mkuu, mtu wa kufuata maandishi, alisoma maagizo ya wakubwa zake hadi mwisho: aliyeua udongo aondoke, kwa hiyo wote wanaolima pale, bila ubaguzi, wahamishwe.

“Wote?” aliuliza mwenyekiti.

“Wote.”

“Mimi nihamie kambi ipi?”

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kongo. Wiki ile mwenyekiti alipanda boti kwenda Kigoma mjini kupinga agizo hilo kwa nguvu zote, na ndani ya boti alikaa bega kwa bega na wakimbizi wale wale aliotaka waondoke, maana sasa kesi yao ilikuwa moja. Huwezi kuhamisha kijiji kizima pamoja na mwenyekiti wake. Taarifa yetu ikalazwa mahali, hadi leo haijaamka. Watu waliambiwa wachimbe makingamaji na wapande miti, wakachimba na kupanda kiasi, na hakuna kaya iliyokwenda kambini.

Nilimwuliza baadaye kama alijua tangu mwanzo kwamba mambo yangeishia hivyo. Akaomba sigara kwanza. “Kijana, siasa siijui. Ninachojua ni kwamba kitu cha kweli ukikizungusha hakibadiliki. Kikibadilika, kuna mtu amekishika.” Kisha akacheka hadi akakohoa, na sikupata jibu. Mimi huwa siamini watu, na yeye simwamini hadi leo. Labda alipiga hesabu zote kabla. Labda alibahatika tu. Lakini pale alipokuwa amesimama na mfuko wake, majibu ya pili hayakuwepo, na kilichokuwa dhahiri mbele yake ni kambi.

Nahodha anasema amezikwa kule kule juu mteremkoni, na mwenyekiti ndiye aliyesimamia kaburi. Miaka hii tumejifunza kuuliza maswali makali sana, hasa juu ya watu waliovuka mpaka: wamekula nini, wamekata nini, wameleta nini. Nami nimejivunia kuhoji kila kitu, mpaka nilipogundua kwamba wengi wetu tunahoji yale tu yanayotuuma. Kutilia shaka habari mbaya hakuhitaji elimu. Hata mwizi akiwa kizimbani hufanya hivyo. Kazi ni siku unapoletewa habari njema iliyokosewa, majirani zako wanapiga vigelegele, na wewe peke yako ndiye uliyesikia harufu.