Chapati ya Mama

Mpaka leo, iliki na mafuta ya chapati za maji vikinukia mgahawani, mimi hutoka nje.

Jumapili ile baba alitutoa misani, mimi na mdogo wangu, akatupitisha kwenye hoteli ya Bombambili iliyokuwa ikijaza watu hadi barazani. Baada ya miezi ya uhaba, unga wa ngano na sukari vilikuwa vimerudi madukani, na watu walikula kama wenye hasira. Baba hakugusa sahani yake.

"Kuleni mshibe," alisema. "Leo nyumbani hatuwashi moto jikoni."

Nilifurahi. Nilidhani ni sikukuu.

Mama mpishi akatuuliza, "Mama yenu anaendeleaje huko hospitali Peramiho?"

"Shikamoo, hajambo," nikajibu. "Tunampelekea chapati."

Baba alitazama chai yake, utando wa maziwa ukigandia juu.

Chapati ya mama niliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti, ikinichoma kifuani. Tulipokata kona ya kwetu niliona majamvi yametandikwa, majirani wamejifunga kanga viunoni, na moto wa msiba ukiwaka uani chini ya masufuria makubwa. Wanawake walipotuona walipaza kilio.

"Baba," mdogo wangu aliuliza, "si ulisema leo hatupiki?"

Chapati ilikuwa bado ya moto.