Jemedari Kwenye Foleni ya Treni

Desemba ikifika, Uru, huku mlimani Kilimanjaro, hujaa. Waliotawanyika Dar, Arusha na Dodoma hurudi nyumbani na magari yao, na aliyebaki kijijini mwaka mzima hugeuka mwenye nyumba ya wageni bila kuulizwa. Winfrida alikuwa mmoja wa waliobaki. Mume wake, Fredy, ndiye kitinda mimba, na kwa mila za huku kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na kukaa na mama. Kwa hiyo kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa na mama mkwe, vyote vilimwangukia Winfrida. Ng'ombe ndio waliokuwa rahisi.

Kazi yake ilikuwa kusuka nywele. Alikuwa na viti viwili na kioo barazani, na mwezi huo wanawake walipanga foleni tangu asubuhi ili waingie Krismasi vichwa vikiwa vinang'aa. Alizaliwa Mwika, upande mwingine wa mlima, akaolewa Uru miaka saba iliyopita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia Bibi Salvina, mama mkwe wake, neno hapana. Hakupigwa wala kutishwa. Ni vile tu kwamba Bibi Salvina akishasema, jambo limeshasemwa, na anayepinga anaonekana kama mtu aliyekosa malezi kwao.

Siku ya Jumatano, Aristides, kaka mkubwa wa Fredy, alifika kutoka Dar na watoto wake watatu na habari moja. Mjini Moshi kulikuwa na mabembea ya umeme. Kulikuwa na vikombe vinavyozunguka, kulikuwa na gurudumu kubwa, lakini mfalme wa vyote alikuwa kijitreni cha reli. Kinapanda polepole mpaka juu, kinasimama kidogo, halafu kinaporomoka na watu wake wote wakipiga kelele.

"Jumamosi nawapeleka watoto wote," alisema Aristides, mdomo umejaa kiburu cha ndizi na maharage. "Na Zita pia. Au vipi, shemeji?"

Kabla Winfrida hajameza chake, mama mkwe alishajibu. "Jemedari wangu atakaa kiti cha mbele kabisa!"

Jemedari ndiye Zita, mtoto pekee wa Winfrida, mwenye miaka sita. Jina hilo alipewa na bibi yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka minne alimwagikiwa na chai ya moto mguuni, akakaza meno, hakutoa sauti. Bibi akaita majirani waje waone mtoto asiyelia. Walikuja, wakasifu, wakanywa chai iliyobaki. Jioni, akimwogesha, Winfrida ndiye aliyeona malengelenge yaliyotuna kwenye ule mguu, na mtoto akimtazama tu. Tangu siku hiyo wengine wote walikuwa na jemedari, na yeye alikuwa na mtoto ambaye hangemwita hata nyumba ingekuwa inaungua.

Hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Mtoto mwingine ungemuuliza ungepata jibu. Ndiyo ya Zita haikuwa na uzito wowote. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Ukimuuliza kama bado ana njaa, ndiyo. Aliwahi kumaliza sahani nzima ya pilau yenye pilipili kwa sababu mgeni alimuuliza kama ni tamu, akasema ndiyo, na akaona ni lazima aithibitishe. Sasa mtoto kama huyo unampimaje kama yuko tayari kuporomoshwa kutoka juu?

Alimpelekea Fredy swali hilo chumbani.

"Wewe ndiye mama yake," alisema Fredy. "Wewe ndiye unayemjua. Ukisema aende, aende. Ukisema asiende, asiende." Akavaa gamboti, akafika mlangoni, akageuka. "Ila usimuudhi mama."

Akaenda kumwangalia ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na tangu hapo ng'ombe huyo akawa haachiki hata kidogo.

Ijumaa, wateja walipoondoka, Winfrida alimkalisha Zita kati ya magoti yake amsuke. Kusuka kuna siri yake: uso wa mtu huuoni, lakini shingo yake unayo mkononi. Winfrida alijua wateja wake kwa shingo. Yupo mwenye kulalamika na shingo yake ni laini kama mkate, na yupo anayecheka huku shingo imekakamaa kwa maumivu.

"Kesho unataka kupanda kile kijitreni?"

"Ndiyo."

"Huogopi?"

"Siogopi."

"Ukiogopa utaniambia?"

"Ndiyo, mama."

Chini ya vidole vyake shingo ya mtoto ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Winfrida akalegeza mkono, akidhani labda anavuta nywele sana. Shingo haikulegea. Akaendelea kusuka, akapandisha nywele zote juu na kuzifunga fundo kubwa utosini, mtindo wa sikukuu. Moyoni alikuwa na tumaini moja la kiutu uzima, tumaini la mtu anayetafuta wa kumsemea: kwamba watoto wakipimwa urefu kabla ya kupanda, Zita ataonekana mfupi mno, atarudishwa, na hakuna atakayelaumiwa.

Jumamosi walishuka mjini kwa gari la Aristides. Bibi Salvina alikaa mbele na kitenge chake cha kanisani, watoto wakabanana nyuma. Uwanja ulikuwa umefurika. Kile kijitreni kilionekana tangu getini, na kikaonekana kikubwa kuliko kilivyosimuliwa. Winfrida alikitazama kwa jicho la mtu anayetafuta kosa. Alisikia reli zikilia kila behewa lilipokata kona. Aliona kijana mwendeshaji akishusha vyuma vya kuzuia abiria kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Aliona kile chuma kikitua kwenye mapaja ya mwanamume mnene na kugoma hapo hapo, huku mtoto aliyekaa pembeni yake akibaki na nafasi ya kupitisha ndoo.

Kwenye lango la kijitreni palisimamishwa twiga wa mbao, na shingoni mwake pamechorwa mstari mwekundu. Asiyefika mstari hapandi. Victoria, binti wa Aristides mwenye miaka tisa, akapita. Wadogo zake, mapacha wa miaka minane, wakapita. Zita akasimama, akanyoosha mgongo, na lile fundo la nywele likaugusa mstari na kuupita.

"Huyu kafika," alisema kijana bila kuinua macho vizuri.

"Jemedari!" Aristides akapiga makofi.

Hapo Winfrida angeweza kusema kwamba hizo ni nywele, siyo mtoto. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini Bibi Salvina alikuwa anacheka kwa furaha na kuwaeleza watu wa nyuma, wasiomjua hata kwa jina, habari za ile chai ya moto, na Winfrida akajikuta amenyamaza. Akajichukia kwa hilo. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomrefusha mtoto.

Foleni ikasogea. Walibaki watu wachache mbele yao. Akamshika Zita begani.

"Huyu anataka kukojoa," alisema.

"Ndiyo," alisema Zita, ambaye hakutaka.

Wakaenda nyuma ya kibanda cha bisi. Winfrida akachuchumaa ili macho yao yalingane.

"Zita, nisikilize. Sasa hivi siyo mchezo. Ukiniambia unataka, nitakurudisha pale na utapanda. Unataka?"

Mtoto akafungua mdomo. Ile ndiyo ilikuwa njiani, Winfrida aliiona, kisha haikufika. Zita akainamisha kichwa, akaanza kuchora vumbi kwa ncha ya kandambili.

"Bibi atakasirika?"

"Kwa nini akasirike?"

"Nikisema siwezi."

"Atakasirika kidogo tu. Halafu itaisha." Alisema kwa uhakika mkubwa jambo ambalo hakulijua, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulijaribu.

Zita akafikiri. Alifikiri kwa muda, uso umekunjamana kama wa mzee anayetafuta bei. "Basi sema wewe," alinong'ona. "Sema wewe ndiye umenikataza. Mimi nitalia kidogo."

Walirudi wameshikana mikono. Winfrida alikuwa amewaza kuanza kwa upole, kwa mzunguko, kwa kuulizia hali ya hewa, lakini zamu yao ilikuwa imefika na kijana alikuwa anawaita.

"Zita hapandi," alisema.

Bibi Salvina akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi, mama."

"Ana nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Nimekataa tu."

Zita akatimiza ahadi yake. Alianza na kilio cha kuazima, "Nataka! Nataka kupanda!", halafu katikati ya kilio kikatokea kingine, kikubwa, chenye kwikwi, kilio ambacho Winfrida hakuwa amekisikia tangu mtoto huyo aache kunyonya. Machozi yalikuwa ya kweli. Winfrida akaingiwa na hofu mpya: labda amekosea, labda mtoto alitaka kweli, labda kule nyuma ya kibanda alijisemea yeye mwenyewe kupitia mdomo wa mwanawe.

"Shemeji, lakini amefika mstari," alisema Aristides kwa sauti ya mtu anayetaka amani.

"Mwacheni," alisema Bibi Salvina, na hakuwa anataka amani. "Nendeni nyie mkapande. Watu wa Mwika nawajua mimi. Mlima mzima wamepewa, na ngazi wanaiogopa! Mtoto analia anataka, mama yake anatetemeka. Woga wako huo ndio unaomnywesha huyu mtoto kila siku, nami najenga, wewe unabomoa."

Foleni nzima ilisikia. Mwanamke mmoja ambaye Winfrida alimsuka wiki hiyo hiyo akageuza uso haraka, akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Winfrida alimvuta Zita pembeni mwa uzio, akambana kwenye sketi yake, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Kijitreni kikaondoka na Victoria na wadogo zake. Kikapanda, kikasimama juu, kikaporomoka. Tuseme ukweli: Winfrida alitamani kitu kidogo kiharibike. Siyo mtu aumie, Mungu apishe mbali, ila hata reli ilie vibaya, hata kiatu kidondoke, apate cha kumtetea. Hakikudondoka hata kitambaa. Kijitreni kilizunguka salama salimini, kikasimama, na watoto wakashuka wakicheka mpaka wanashikana mbavu. Akamwomba Mungu msamaha kwa ile tamaa yake, na bado aibu haikupungua.

Victoria alikuja mbio. "Zita, umekosa! Tumbo linaruka mpaka huku!" Akajionyesha shingoni.

"Umeona?" Bibi Salvina alimwinamia mjukuu wake, akamfuta machozi kwa pindo la kitenge. "Umeona utamu walioupata wenzako? Wewe ungekaa mbele kabisa. Mama yako ndiye aliyekunyima, mpenzi wangu. Mwakani nitakupeleka mwenyewe, yeye tutamwacha nyumbani asage ulezi."

Watoto wakacheka. Winfrida naye akajilazimisha kutabasamu, kama kawaida yake.

Zita alimtazama bibi, kisha akainua macho akamtazama mama yake, na tabasamu lile akaliona. Kilio kikakatika.

"Siyo mama," alisema.

"Nini?"

"Siyo mama aliyekataa." Sauti ilikuwa ndogo na ilitetemeka, lakini ilitoka. "Mimi ndiye niliyeogopa. Mimi ndiye niliyemwambia aseme yeye."

Victoria akaacha kucheka. Aristides akavua miwani yake ya jua, akaipangusa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Uliogopa?" Bibi Salvina aliuliza polepole. "Wewe, Jemedari?"

"Ndiyo, bibi. Niliogopa sana."

Mkono wa mtoto ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wa Winfrida, na hata hivyo hakujificha nyuma ya sketi. Alisimama pale pale mbele ya bibi yake akisubiri chochote kitakachokuja. Winfrida alimwangalia na roho ikamuuma kwa upendo. Miaka saba alikuwa ameishi ndani ya nyumba ile akilizunguka neno "naogopa" kama shimo njiani, na mtoto wa miaka sita amelisema mchana kweupe, mbele za watu.

"Kumbe huyu ana mdomo," alisema Bibi Salvina. Haikujulikana kama ni sifa au ni lawama. Huenda hata yeye hakujua.

"Na mimi niliogopa, mama," alisema Winfrida.

Aliisikia sauti yake kabla hajaamua kuitoa. Mama mkwe akainua uso.

"Tangu Jumatano sijalala. Na siyo hiki kijitreni tu ninachokiogopa."

Bibi Salvina akamtazama mkamwana wake kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza analetwa nyumbani siku hiyo. Nyuma yao kundi jingine lilikuwa linapanda, na kijana alikuwa anashusha vyuma.

"Unaogopa nini kingine?" aliuliza.

Na Winfrida, akiwa bado amemshika Zita mkono, akamwambia: "Nakuogopa wewe, mama."