Nani Kadhani? Ng'ombe wa Runazi na Lugha ya Magazeti

Mzee wangu wa Runazi amefariki dunia. Amefia nyumbani, kitandani kwake, kwa presha. Naandika presha, siandiki "ugonjwa unaodhaniwa kuwa presha", kwa sababu alipimwa, akapewa dawa, akawa anazinywa siku anazotaka yeye, na mwanawe aliponipigia simu hakuzungusha maneno. "Mwalimu, mzee ametutoka," alisema. Nilikuwa sokoni Biharamulo nachagua maharage. Nikamrudishia mama muuzaji kipimo chake, nikakaa juu ya gunia lake bila hata kuomba ruhusa, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa sala. Lilikuwa ni swali la yule mzee, swali alilotuuliza miaka nenda miaka rudi mpaka likawa kama jina lake la pili: nani kadhani?

Wasomaji wangu wanaokumbuka enzi zile kambi za wakimbizi wa Burundi zilipokuwa zimejaa Ngara hawahitaji kuelezwa. Kwa wadogo zao niseme tu kwamba kila baya lililotokea huku lilikuwa na mwenyewe tayari. Kuku kapotea, mkimbizi. Shamba limeingiwa, mkimbizi. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari Biharamulo, na yeye mkulima na mfugaji wa Runazi, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mke, ng'ombe wachache na ubishi mwingi. Alinizidi umri, nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku keshaingia kwenye hoja. Siku moja alikuja shuleni na gazeti kwapani. Kusoma alijua, ila alitaka asikie kwa kinywa cha mtu mwingine, isije ikawa macho yamemchezea. Nikamsomea. Ilikuwa habari fupi, ya kona ya chini: mfugaji mmoja wa Runazi ameibiwa ng'ombe na watu wanaodhaniwa kuwa wakimbizi kutoka nchi jirani. Akaniambia nirudie hapo mwisho. Nikarudia. Akauliza taratibu kabisa, "Nani kadhani?"

Kumbe mfugaji mmoja wa Runazi alikuwa ni yeye. Na mwizi wake alijulikana kitongoji kizima. Ng'ombe walipopotea, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walifuata alama za kwato mpaka zizini kwa kaka yake mkewe. Shemeji mtu! Wazee wakakaa, ng'ombe wakarudishwa, shemeji akatozwa faini, ikakubaliwa yaishie hapo hapo, aibu ya ukoo isitoke nje. Halafu mwandishi wa habari wa wilayani, aliyesikia nusu ya mkasa akinywa chai mgahawani, akaujalizia nusu ya pili mwenyewe. Gazeti lilipofika na wakimbizi wake, Runazi ilishusha pumzi. Hata watu waliofuata zile kwato kwa miguu yao wenyewe walianza kusema lisemwalo lipo. Walikuwa wamepata pa kuitupia aibu, tena mbali, na bila gharama.

Mzee angeweza kunyamaza. Ng'ombe alikuwa nao, mke alikuwa naye, na shemeji alikuwa amejifunza adabu. Lakini alikuwa na kibarua wake, Mrundi wa makamo mwenye familia kambini Ngara, aliyekuwa akimlimia mihogo. Gazeti lilipozunguka, watu wa kijiji cha pili walimkamata yule Mrundi wakamfikisha kituo kidogo cha polisi, ushahidi wao wote ukiwa ni ile kona ya chini ya ukurasa. Ni kweli alikuwa ametoka kambini bila kibali, na kwa hilo alikuwa na kosa, sibishi. Ila sasa alikuwa anashikiliwa kwa wizi wa ng'ombe ambao saa hiyo walikuwa zizini kwa mwenyewe, wanacheua.

Tulianzia kwa mwandishi, mzee mbele, mimi nyuma kama wakili asiyelipwa. Mwandishi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya ungemlaumu ukamaliza. Alitukaribisha viti, akasikiliza, kisha akaeleza kwa upole kwamba yeye hakumsingizia mtu. Hakuandika kwamba ni wakimbizi; aliandika wanadhaniwa. Hiyo ni lugha ya kihabari, akasema, inamlinda kila mtu.

"Nani kadhani?" mzee akauliza.

"Mzee, inadhaniwa tu. Kwa ujumla."

"Mimi sikudhani. Sungusungu hawakudhani. Mke wangu hakudhani, analia kule nyumbani kwa sababu anajua. Wewe hukuwepo. Sasa hebu niambie, bwana mdogo, aliyeibiwa ng'ombe ni gazeti au ni mimi?"

Mwandishi aliahidi kuwauliza wakubwa wake. Jibu lilipokuja alitupa bila aibu: mtu kuibiwa na shemeji yake si habari. Nilicheka, maana vinginevyo ningevunja kitu. Ndugu zangu, litazameni jibu hilo vizuri. Ng'ombe ni wale wale, zizi ni lile lile, hasara ni ile ile. Akiiba mkimbizi, ni habari ya taifa. Akiiba shemeji, ni umbea wa kijijini. Halafu mtu anayesoma gazeti mwaka mzima akiwa Dodoma au Dar es Salaam anaona wakimbizi tu ndio wanaoiba, anatikisa kichwa, anasema kweli hawa watu wametuchosha. Mashemeji wote wa nchi hii ni watakatifu.

Basi mzee akaenda kituoni, nami nikamsindikiza. Kabla hajatoka, mkewe alimwambia kwamba akilitaja jina la kaka yake mbele ya askari, atakaporudi hatamkuta. Yeye mwenyewe alinieleza hayo njiani, akasimama kidogo, nikadhani atageuka. Hakugeuka. Alimtaja shemeji kwa jina na jina la baba yake, akaeleza ng'ombe walivyopatikana na faini iliyotolewa, akataka waje wenyewe wawaangalie zizini. Mrundi aliondolewa tuhuma za wizi, akarudishwa kambini. Mzee aliporudi nyumbani, mke hakuwepo. Alikaa kwao mpaka mavuno yakapita, ndipo akarudi. Wakwe hawakukanyaga kwake kwa miaka, na hata pale Runazi wapo waliomwona msaliti, mtu aliyemuuza shemeji kwa ajili ya mgeni. Nilimuuliza siku moja kama hakujuta. Akaniambia alijuta kila jioni alipojipikia ugali, maana haukuiva hata siku moja.

Sitaki mtu aniandikie kesho kwamba natetea wahalifu. Walikuwepo wakimbizi walioiba, na walikuwepo walioteka magari. Aliyeteka aandikwe, jina lake, kosa lake na hukumu yake. Kinachonichosha ni hii tabia ya kuwaandika watu kama mvua. Wakimbizi wamiminika. Wakimbizi wafurika. Wimbi la wakimbizi. Mkimbizi wa gazetini hana kazi aliyokuwa akiifanya kwao, hana mama, hana mtoto mwenye homa. Anakuja, anakata miti, anaiba, anarudishwa. Hata nchi yake haina jina, ni "nchi jirani", kana kwamba mtu wa Kirushya, kule Ngara, akiamkiana na Mrundi, mmoja kwa Kihangaza na mwingine kwa Kirundi, hawaelewani neno kwa neno. Marehemu alikuwa na hasira maalumu na neno wimbi. Alisema yeye alifika Biharamulo akiswaga ng'ombe, na yule kibarua alifika Ngara na mtoto mgongoni, wote wawili wageni, wote wawili wakitafuta mahali pa kuishi. Kwa nini yeye aitwe mfugaji na mwenzake aitwe wimbi? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tumemtwisha huyu na wetu juu yake, tukiamini hausikii uzito.

Kambi za Ngara zilifungwa zamani. Waliokuwamo wengine wamerudi kwao, wengine wako kwingine, nami nimeacha chaki nashika kalamu. Miaka michache iliyopita mzee alinipigia simu, bila salamu, ishara kwamba amesoma kitu. Gazeti lilikuwa limeandika juu ya wizi wa mazao huku kwetu, na wezi, eti, wanadhaniwa kuwa wakimbizi. Akaniuliza hao wakimbizi siku hizi wanalala wapi. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua: kambi zilifungwa, wakahamia gazetini. Alicheka mpaka akakohoa, mimi nikakasirika kwa niaba yetu wote wawili.

Nilikwenda kumzika. Watu walijaa, wakwe nao walikuja, na miongoni mwao nilimwona yule shemeji, mzee sasa, ameegemea fimbo kwenye benchi la mbele. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi. Akasoma kuzaliwa, kuhamia Runazi, ndoa, watoto, wajukuu. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mvumilivu, na kwamba enzi za kambi aliwahi kuibiwa ng'ombe na watu wanaodhaniwa kuwa wakimbizi, lakini hakukata tamaa.

Nilihisi damu inanipanda. Mtu aliyelikataa neno lile hadi akaachwa na mke, leo anazikwa nalo! Nilikuwa natafuta namna ya kusimama bila kuvunja adabu ya msiba, sauti ikatoka mkekani walipokaa wanawake. Alikuwa mjane. Hakusimama, wala hakuinua kichwa kilichofunikwa kanga.

"Nani kadhani?"

Kijana akamtazama, akasema kwa woga kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

"Aliiba kaka yangu, yule pale. Na ng'ombe alirudisha. Soma hivyo."

Watu wote wakaangalia chini isipokuwa yule shemeji. Yeye alimtazama dada yake, akamwambia kijana, "Soma kama mama yako anavyosema." Kijana akasoma. Tukazika.

Nimerudi nyumbani na hasira yangu, ila imepungua uzito. Nilidhani uongo wa gazeti unaisha watu wakifungia maandazi lile gazeti. Hauishi. Unarudi kwa mlango wa nyuma, unaingia kwenye wasifu, unasimuliwa na watoto wa watoto kama historia ya ukoo. Wenzangu tunaoshika kalamu, kila tunapoandika "inadhaniwa" tumwandike na anayedhani, na kama hayupo, basi hakuna habari, tukanywe chai. Wahariri wangu nao nawaomba kitu kimoja tu. Gazeti lile halikusahihisha kosa mpaka mwenye ng'ombe amekufa, kwa hiyo sahihisho linatoka hapa, na sentensi hii msiipunguze: ng'ombe wa marehemu waliibwa na shemeji yake. Hakuna aliyedhani.